Mashine Zisizopata Joto

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Njombe iliamka ndani ya ukungu, mnara wa kanisa ukaonekana nusu tu, na umande ulikuwa umeganda juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagika. Nilisali rozari jikoni nikiwa nimelisogelea jiko la mkaa, nikavaa sweta mbili, nikajifunga kitenge juu yake, nikaenda parokiani. Siku hiyo tulikuwa tunapeleka kompyuta sita Makambako, kuzirudisha kwa kijana aliyetuuzia.

Naitwa Bertila Mlowe. Ni mkulima, ni mjane, na ni mwanafunzi. Hilo la mwisho bado linanichekesha nikilitamka. Nilianza masomo ya jioni baada ya kitinda mimba wangu kumaliza ya kwake, na sasa nikitoka shambani nanawa miguu, nakwenda ukumbi wa parokia kujifunza kompyuta pamoja na watu wa rika la watoto wangu.

Kanisani nina kazi nyingine, ya siku nyingi zaidi. Katika misa ya kwanza padri huhubiri kwa Kiswahili, nami husimama kando yake nikiyageuza maneno yake kwa Kibena, kwa ajili ya bibi zetu ambao hawakupelekwa shule. Yeye anasema sentensi, ananyamaza. Mimi nasema, nanyamaza. Bibi Priska, anayekaa benchi la mbele kwa sababu sikio moja limeziba, hutikisa kichwa akishasikia. Asipotikisa, narudia.

Mwalimu wetu wa kompyuta anaitwa Ronald. Ndiye aliyetufundisha kwamba kazi zetu tunazihifadhi kwenye wingu. Siku ya kwanza tulicheka wote na kuangalia dirishani. Akasema, "Si hilo la mvua. Ni kompyuta kubwa za watu, ziko mbali, zinatutunzia kazi zetu." Katika kila kompyuta ya darasa aliweka programu inayotengeneza folda moja. Ukiweka kazi yako ndani ya folda hiyo, inapanda winguni, kisha inashuka kwenye kompyuta nyingine zote za darasa. Umeme ukikatika, haipotei. Ukikuta mtu amekalia kiti chako, unakaa kwingine na kazi yako unaikuta hukohuko. Ndani ya folda hiyo nina sala za Kibena za wale bibi, ninazowauliza kila Jumapili na kuzichapa kidogo kidogo kwa vidole viwili.

Kompyuta zetu za zamani zilikuwa na joto. Mwezi wa sita, baridi inapoingia hadi kwenye mifupa, tulikuwa tunagombania ile ya pembeni ambayo feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. Unachapa mstari mmoja, unaweka vidole ubavuni mwake, unachapa mwingine. Kisha kamati ikanunua hizi sita mpya, nyembamba, kutoka duka la Fahadi, Makambako. Hazikunguruma. Na hata ukizitumia jioni nzima, hazikupata joto.

Mzee Obed Mgaya, mwenyekiti wa kamati, aliweka kiganja juu ya mojawapo kama mtu anayempima mtoto homa.

"Kompyuta isiyo na joto ni kompyuta gani?" akasema. "Hii imekufa ikiwa macho wazi."

Haikuwa imekufa. Mwalimu Ronald alichomeka flashi ya darasa, ile anayobebea programu zote. Hivyo ndivyo tunavyofanya huku: intaneti ni ya kubembeleza, kwa hiyo mtu anapakua programu mara moja, anaitia kwenye flashi, na flashi inazunguka darasa zima kama sahani ya sadaka. Programu ya kuandika ikakubali. Ya mahesabu ikakubali. Lakini ile ya wingu ilijaza mstari wake hadi karibu na mwisho, ikasimama, ikaandika kwa Kiingereza kwamba haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta hii. Akajaribu ya pili, vilevile. Zote sita, vilevile.

Basi Jumapili ya Pentekoste, wakati wa matangazo, Mzee Obed akashika kipaza sauti. Akasema kuna duka Makambako, la kijana aitwaye Fahadi, limeiuzia parokia kompyuta feki, na waumini wachukue tahadhari. Akanyamaza, akaniangalia. Ilikuwa zamu yangu. Kibena changu hakina neno feki, nikasema: kijana huyo ni mwongo, ametudanganya. Bibi Priska akatikisa kichwa kwa nguvu.

Katikati ya wiki Fahadi alimpigia simu Mwalimu Ronald, tukiwa darasani sote tukisikia. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Alisema wateja wa Njombe wanapita mlangoni kwake bila kusalimia, na mwalimu mmoja wa upande wa Ilembula aliyekuwa ameahidi kununua amesema basi. "Leteni mashine nizichukue," akasema. "Lakini jina langu, nani atanirudishia?"

Tangu jioni ile nilikuwa nalisali neno hilo kama fumbo la sita juu ya yale matano ya rozari.

Pikapu ya parokia ilikuwa inaendeshwa na Mzee Obed mwenyewe. Nilikaa katikati, Mwalimu Ronald mlangoni, na maboksi nyuma chini ya turubai. Tulipokuwa tunapita mashamba ya chai ukungu ulianza kuachia, nami nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, nikuulize?"

"Uliza, mama."

"Kama mashine ni feki, kwa nini programu ya kuandika ilikubali? Si ingekataa zote?"

"Mama Bertila," akasema Mzee Obed bila kutoa macho barabarani, "feki haina utaratibu. Mwizi akikuibia kuku utamuuliza kwa nini hakuiba na jogoo?"

"Ningemuuliza, mzee. Huenda jogoo alimshinda."

Mwalimu Ronald akacheka. Tukapita Mtwango. Hapo akasema polepole, "Swali lako ndilo linaloninyima usingizi. Kinachokataa ni kilekile kimoja, kwenye mashine zote. Kitu kilichoharibika huwa hakiharibiki kwa usawa namna hiyo."

"Tunakwenda kurudisha," akasema Mzee Obed. "Hatuendi kufanya mtihani."

Makambako tulipokelewa na upepo wake. Vumbi lilikuwa linavuka barabara pamoja na malori, na kwenye njia panda watu walikuwa wanaongea Kiswahili cha kila mkoa. Duka la Fahadi ni dogo, limejaa kava za simu na waya za chaja. Nyuma ya kaunta alisimama dada yake mkubwa, Hamisa, mwanamke mrefu aliyejifunga mtandio wa njano. Alituangalia mmoja mmoja, akayaangalia na maboksi.

"Karibuni, watu wa matangazo," akasema.

Mzee Obed akajikohoza. Fahadi akatoka ndani, kijana mwembamba mwenye ndevu chache. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Mwalimu, habari za huko?" Akatuvutia viti. "Samahanini, dada yangu ulimi wake hauna breki."

"Una breki," akasema Hamisa. "Leo nimeamua kutozikanyaga. Idi tulisali Jumamosi iliyopita, Jumapili tukatangazwa waongo. Hata pilau lilikuwa halijaisha kwenye sufuria."

Mimi niliangalia mikono yangu.

Mzee Obed alitaka mambo yaishe haraka. Akasema mashine hizi hapa, hazina mkwaruzo, kila mmoja achukue chake. Fahadi akafungua boksi la kwanza, akaiwasha ile kompyuta, nayo ikawaka kimya kama kawaida yake. Aliipangusa vumbi kwa kiwiko cha shati.

"Mimi nitasema ukweli wangu," akasema. "Nawajua watu wa simu na chaja. Hizi nililetewa na mwenye duka la jumla. Nikazipenda kwa sababu chaji inakaa kutwa nzima, na umeme wetu mnaujua. Sikuwa na nia nyingine. Kama zina ubaya, nionyesheni nami niujue."

Nilipenda alivyosema nionyesheni. Nilisogeza kiti. "Mwanangu, kuna mahali mashine yenyewe inajieleza? Kama mtu anavyotaja jina na kwao?"

"Papo." Akabonyeza hapa na pale, ukafunguka ukurasa wenye maneno mengi ya Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kupapasa. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari hadi nikakuta herufi tatu ambazo sikuwahi kuziona kwenye kompyuta zetu za zamani: ARM.

"Mwalimu, hapa pamesema nini?"

Mwalimu Ronald aliinama. Kisha akajipiga paji la uso kwa kiganja hadi dereva wa lori aliyekuwa anachagua chaja akageuka.

"Yesu na Maria! Prosesa!"

"Imefanya nini?" akauliza Mzee Obed.

"Haijafanya kitu, mzee. Ni ya aina nyingine. Hizi zinatumia prosesa za ukoo wa zile za kwenye simu. Hazili umeme mwingi, ndiyo maana hazipati joto, ndiyo maana hazina kelele. Nilisoma kwamba zinakuja, nikadhani bado ziko Ulaya huko. Kumbe ninazo darasani, naziita feki."

"Sasa prosesa na wingu wapi na wapi?"

"Prosesa ndiyo inayosoma programu, na kila aina ina lugha yake. Zetu za zamani zinasoma lugha moja. Hizi zinasoma nyingine. Na flashi yangu yote imejaa lugha ya zile za zamani."

Mzee Obed alikuwa ameanza kuvutwa, niliona. Alisogeza kofia nyuma. "Unajichanganya, mwalimu. Mbona programu ya kuandika ilitoka kwenye flashi hiyohiyo na ikasoma?"

"Swali zuri. Waliotengeneza hizi mashine wameweka mkalimani ndani. Ukimpa programu ya lugha ya zamani, anaigeuza papo hapo, mashine inaelewa."

Mkalimani! "Anasimama wapi?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyo mkalimani. Mimi nasimama kando ya padri, kulia. Yeye anasimama wapi?"

Fahadi akatabasamu, lakini Mwalimu Ronald hakucheka. Alifikiri. "Anasimama huku juu, kwenye programu za kawaida, hizi tunazofungua na kufunga. Lakini ile ya wingu haiishii juu. Ina kipande kinachoshuka chini kabisa, kwenye kiini cha mfumo, ili itutengenezee ile folda. Kule chini mkalimani haruhusiwi."

Hapo ndipo nilipoona, wazi kama mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Ni kitubio," nikasema.

Wote wakaniangalia. Ilibidi nimweleze Hamisa na ndugu yake. Kwenye mahubiri mimi nafaa, nikawaambia, kwa sababu mahubiri ni ya wote. Lakini bibi akitaka kuungama dhambi zake, mimi naachwa nje ya mlango. Mkalimani haingii kwenye kitubio. Padri wetu ni mtu wa Kagera, Kibena chake ni cha salamu tu, basi Bibi Priska na wenzake humngoja padri mzee anayekuja kabla ya Pasaka, ambaye Kibena alikinyonya kwa mama yake. "Hakuna ubaya kwa bibi," nikasema, "wala kwa padri wa Kagera. Inatakiwa tu apatikane anayejua lugha yenyewe."

"Na sisi," akasema Mwalimu Ronald, "tulikuwa tunamsukumia bibi padri asiye wake, kisha tunamtangaza bibi."

Hamisa aliguna. Lilikuwa guno la kukubali kidogo, si lote.

"Huyo padri mwingine yupo?" akauliza Mzee Obed. "Programu ya wingu kwa lugha ya hizi?"

"Tuulize wenyewe walioitengeneza. Tena tuulizie kwenye mashine hiihii, si kwa flashi."

Fahadi aliwasha intaneti ya dukani. Mwalimu Ronald akafungua ukurasa wa watengenezaji, na ule ukurasa, kwa unyenyekevu kabisa, ukauliza: kompyuta yako ina prosesa ya aina gani? Kulikuwa na vitufe viwili. Miezi yote tuliyozungusha flashi, swali hili halikuwahi kutufikia.

"Na ikikataa?" akasema Mzee Obed.

Fahadi alikuwa ameshika kipanya, kidole hakijashuka. Uso wake ulikauka. Dereva wa lori alikuwa ameacha kuchagua chaja, na kina mama wawili wenye vikapu walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza.

"Ikikataa, mzee wangu," akasema, "tangazeni tena. Na mimi nitanyamaza."

Akabonyeza kitufe cha herufi tatu.

Upakuaji ulikuwa wa Makambako, wa kwenda na kusimama. Hamisa alituletea chai ya tangawizi na vitumbua, akaweka mbele ya Mzee Obed kikombe kilichojaa kuliko vyote. Adhana ya adhuhuri ikasikika. Fahadi akainuka, akakunja suruali kwa ajili ya udhu.

"Mama," akaniambia, "naomba uiangalie."

Kati ya watu wote aliniambia mimi, ambaye sauti yangu ilimwita mwongo mbele ya kanisa zima. Sijui kama alijua. Nilikaa mbele ya ule mstari, nikasali Malaika wa Bwana kimoyomoyo, nikaongeza la kwangu: Bwana, wewe uliyewawezesha watu siku ya Pentekoste kusikia kila mmoja kwa lugha yake, ikumbuke na mashine hii, si kwa ajili yake, kwa ajili ya huyu kijana aliyeinama sasa hivi mbele yako.

Mstari ukajaa. Mwalimu Ronald akanyoosha mkono kwenye kipanya.

"Tusibonyeze," nikasema. "Tumngoje mwenyewe."

"Ni kubonyeza tu, mama."

"Jina ni lake. Na abonyeze yeye."

Mzee Obed akasema, "Mwachieni mwenyewe," na nilishangaa kuisikia sauti yake imekuwa ya chini.

Fahadi alirudi na matone ya maji bado kwenye ndevu. Akasema bismillahi, akabonyeza. Mstari mpya ukaanza kwenda. Ulifika pale karibu na mwisho, palepale ulipokuwa unasimama kila jioni, nami nikashika msalaba wa rozari mfukoni. Ukapita. Haukusimama hata kwa pumzi moja.

Mwalimu Ronald akaandika jina la darasa na neno la siri. Tukangoja. Kisha ile folda ikajitokeza pembeni mwa kioo kana kwamba ilikuwepo siku zote, na kazi zetu zikaanza kushuka moja moja, kila moja na kiwingu kidogo cha buluu ubavuni. Niliiona yangu. Nikaifungua. Ilikuwa sala ya jioni ya Bibi Priska, mistari yote, na kosa langu la kuchapa likiwa palepale kwenye mstari wa mwisho. Niliisoma kwa sauti, Kibena, ndani ya duka la Fahadi. Mmoja wa wale kina mama wa vikapu akaitikia amina, kumbe ni Mbena mwenzangu.

Mzee Obed aliweka kiganja juu ya mashine. "Bado ya baridi," akasema.

"Itabaki hivyohivyo, mzee," akasema Fahadi. "Joto mtaleta wenyewe."

Tukacheka, hata Hamisa. Mwalimu Ronald akatoa flashi ya darasa mfukoni, akaiangalia kama mtu anayeangalia kiatu kilichomchubua, akairudisha. Mzee Obed akasimama, akavaa kofia vizuri.

"Haya, kijana, tumeelewana. Yameisha. Pakieni maboksi, turudi kabla ya baridi."

Akampa Fahadi mkono. Fahadi akaupokea, akainamisha kichwa. Lakini Hamisa alizunguka kaunta, akasimama mlangoni pa duka, kati yetu na pikapu.

"Mzee wangu, kwa heshima zote," akasema. "Mlitukana kwa kipaza sauti. Mnaomba radhi kwa kupeana mikono?"

Upepo ulikuwa unapigapiga bati la kibanda cha jirani. Mzee Obed ni mtu aliyezoea kusema na kusikilizwa, na sijawahi kumwona akirudi nyuma alipokwisha kufika. Aliangalia ile folda kwenye kioo, akamwangalia Fahadi, ambaye alikuwa anaangalia chini.

Kisha akavua kofia.

"Dereva, unasikia?" akasema. "Nanyi mama zangu, mnasikia? Mwalimu, wewe pia. Mimi Obed Mgaya, kesho, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, misa ya kwanza na misa ya pili, nitasimama palepale, nishike kipaza sauti kilekile, niseme kwamba mashine ni nzima, kijana ni mkweli, na aliyekosea ni mimi. Kijana, ukitaka kuja kusikia, njoo. Kiti chako kitakuwepo. Usipokuja, nitasema vilevile."

"Tumesikia," akasema dereva wa lori, kama shahidi mahakamani.

Hamisa hakuondoka mlangoni. Akanigeukia mimi. "Na kwa lugha yenu, mama? Alisema nani?"

"Nilisema mimi," nikajibu. "Nilisema mwongo."

Fahadi aliinua macho.

Nikasimama, nikaweka mkono juu ya ile mashine ya baridi, maana sikuwa na kitu kingine cha kushika. "Nami naahidi mbele yenu wote na mbele ya Mungu," nikasema. "Kesho nitasimama kulia kwa Mzee Obed, na atakapomaliza nitayasema kwa Kibena, kwa jina lako, Fahadi wa Makambako. Na sitashuka pale mbele hadi Bibi Priska atikise kichwa."